KIDATO CHA TANO SI PEPO, CHUO CHA UFUNDI SI JEHANAMU

Leo sina habari za mjini. Nina hasira, na nimeona niimalizie hapa kabla sijaenda kuimalizia kwa shemeji yangu, maana kule nitashindwa. Nikifika kwake nakula ugali wake, na mwenye ugali ndiye mwenye hoja.

Kisa chenyewe ni hiki. Jumamosi nilipanda Coaster pale stendi ya Korogwe nikaenda Handeni kumsalimia dada. Nikakuta nyumba imechangamka kama kuna posa. Tranka jipya sebuleni, ndoo mbili, godoro limefungwa kamba. Mpwa wangu kapangiwa kidato cha tano! Majirani wanaingia na kutoka, "hongera mama fulani, hongera." Nami nikatoa hongera zangu, kisha nikamwita kijana pembeni.

"Kombi gani?"

Akainamisha kichwa. "HGK, mjomba."

Historia, Jiografia na Kiswahili. Sina ugomvi na masomo hayo, Kiswahili ndicho kinachonilisha. Lakini ngoja nikueleze huyu kijana ni nani. Huyu ndiye fundi wa redio, pasi na taa za sola wa mtaa mzima, na hakuna aliyemfundisha. Tangu darasa la sita akiulizwa atakuwa nani, jibu ni moja: injinia. Matokeo yake ya kidato cha nne: Fizikia C, Kemia D, Hisabati D, Jiografia C, Historia C, Kiswahili B. Kwa alama hizo hakupangiwa PCM, kwa hiyo akapangiwa alikoangukia.

Nikauliza kwa sauti, wote wasikie: "Na uinjinia je?"

Akajibu baba yake. "Shemeji, hayo yamepita. Mungu katupa hiki, tushukuru. Wenzake wameishia vyuoni."

Wameishia vyuoni! Alivyolitamka, ungedhani wenzake wamefungwa Maweni.

Basi hilo neno ndilo lililonileta hapa. Nasema bila kung'ata maneno: katika nchi hii tumewafundisha wazazi kwamba kuna njia moja tu ya heshima, kidato cha tano na sita, na kwamba chuo ni jalala la waliofeli. Ni uongo. Na uongo huu unawagharimu zaidi watoto wa Handeni na Korogwe kuliko watoto wa Masaki, kwa sababu mtoto wa Masaki ana mtu wa kumnong'oneza ukweli.

UKWELI WENYEWE NI HUU

Mtoto akienda HGK, mlango wa uhandisi umefungwa. Haujarudishwa tu, umefungwa na kufuli. Hata akipata A tatu kidato cha sita, hakuna chuo kikuu kitakachompokea kusoma uhandisi wa umeme kwa Historia. Kwa hiyo ile sherehe niliyoikuta sebuleni ilikuwa matanga ya uinjinia wake, na waombolezaji hawakujua.

Njia ya pili ipo, na imeandikwa kwenye miongozo ya serikali yenyewe. Mtoto wa kidato cha nne mwenye alama za ufaulu katika masomo manne, yakiwemo Hisabati na sayansi zinazotakiwa na chuo husika, anaweza kuomba chuo cha ufundi moja kwa moja. D ni ufaulu, jamani! Kwenye mtihani wa taifa D inaanzia 30. Si alama ya kujivunia, lakini si F.

Akiingia, mwaka wa kwanza ni ngazi ya nne ya NTA, Astashahada ya Awali. Mwaka wa pili ni ngazi ya tano, Astashahada. Mwaka wa tatu ni ngazi ya sita, Stashahada, yaani diploma. Hapo ni fundi sanifu. Akitoka na GPA ya 3.0 au zaidi, na zile D zake nne za sekondari, TCU inamruhusu kuomba shahada. Baraza la vyuo vya ufundi, ambalo zamani lilikuwa NACTE na sasa ni NACTVET, linampa namba ya kuthibitisha tuzo yake, wenyewe wanaiita AVN, naye anaomba uhandisi kama mwenzake wa kidato cha sita.

Vyuo vyenyewe si vya uchochoroni. DIT pale Dar ilianza mwaka 1957 ikiwa taasisi ya ufundi. Chuo cha Ufundi Arusha kilifunguliwa 1978 kwa msaada wa Ujerumani. Mbeya walianza na chuo cha ufundi mwaka 1986, leo ni chuo kikuu, MUST. Wazee waliotoka huko na cheti kilichoitwa FTC ndio walioendesha mitambo, reli na barabara za nchi hii wakati sisi hatujazaliwa. Hakuna aliyewaambia kwamba "wameishia chuoni".

Kwa asiye na hizo D nne, nako kuna kichochoro halali. Tuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi hapa hapa Handeni. Vyuo hivi vilianzishwa mwaka 1975, wazo likitoka Sweden, ili mwananchi wa kawaida apate elimu na ufundi karibu na kwao. Kuna VETA pia. Mtu akipanda ngazi za ufundi stadi mpaka ya tatu, ngazi hiyo nayo inaweza kumfungulia mlango wa chuo cha ufundi, akiwa na ufaulu mdogo wa sekondari unaotakiwa. Ni njia ndefu, ndiyo. Lakini ni njia, na inaanzia mtaa wa pili.

Sasa niambie, ni mwalimu gani alikaa na mpwa wangu akamchorea ramani hii? Ni ofisa gani alikuja shuleni kwao? Alipojaza ile fomu ya kuchagua kombi na vyuo, alijaza kama mtu anayecheza bahati nasibu. Akajaza kombi juu, vyuo akaviacha, kwa sababu kila mtu alimwambia usijaze vyuo, utapangiwa huko!

NAONGEA NIKIWA NA KOVU

Mtaniuliza, wewe mwandishi wa habari uhandisi unauhusu nini? Unanihusu sana. Mimi nilikuwa na ndoto ile ile. Kidato cha nne nilipata C zangu za sayansi za kuungaunga, nikapangiwa PCM katika shule fulani ya bweni, nami nikaondoka na tranka kama la mpwa wangu. Tulikaa miezi bila mwalimu wa Fizikia. Hesabu tulifundishana wenyewe usiku. Matokeo ya kidato cha sita yakaja na E mbili na S. Pointi mbili, na chuo kikuu kinataka nne katika masomo mawili.

Unajua niliingiaje chuo cha uandishi? Kwa cheti cha kidato cha NNE. Kile kile ambacho kingeniingiza chuo cha ufundi miaka miwili nyuma! Miaka miwili ya ujana wangu, na shamba la mahindi aliloliuza marehemu baba, vikaenda na maji. Kazi yangu naipenda, siilaumu. Ninacholaumu ni kwamba hakuna aliyeniambia kwamba kuna njia mbili. Nilidhani moja ni barabara na nyingine ni shimo.

Na angalia tofauti hii, ndiyo inayoniuma kuliko zote. Ukisoma kidato cha tano, baba akaugua, ukarudi nyumbani katikati, unarudi na nini? Hakuna. Ukisoma chuo cha ufundi ukafaulu mwaka wa kwanza, mambo yakaharibika, unarudi na Astashahada ya Awali. Mwaka wa pili, unarudi na Astashahada. Kila ngazi unayopanda ni yako, hainyang'anywi. Kwa mtoto wa mkulima wa Handeni, ambaye mvua ikikosekana ada nayo inakosekana, ni njia ipi ya busara?

Hesabu ya miaka nayo tuipige. Kidato cha tano na sita miaka 2, shahada ya uhandisi miaka 4, jumla 6. Stashahada miaka 3, shahada 4, jumla 7. Tofauti ni mwaka MMOJA. Kwa huo mmoja unapata taaluma kamili mkononi kabla hujagusa chuo kikuu, na ukitaka unaweza kufanya kazi kwanza, ukajiwekea akiba, ndipo ukaendelea.

SERIKALI NAYO ISIJIFICHE

Wazazi nimewasema. Lakini mzazi huwa anasoma alama za nchi, na nchi yenyewe imempa alama mbaya.

Alama ya kwanza ni pesa. Ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa kuanzia 2016, na ya kidato cha tano na sita ikafutwa 2022. Vyuo vya ufundi je? Vilisubiri mpaka hotuba ya bajeti ya Juni 2023, ndipo likaletwa pendekezo la kufuta ada kwa wanaotoka kidato cha nne kwenda DIT, MUST na Arusha. Mwaka huo huo mikopo ya wanafunzi ikaanza kuwafikia wa stashahada, kwa baadhi ya fani. Ni hatua nzuri, nazipongeza kwa mikono miwili. Lakini kwa miaka mingi nchi ilimwambia mzazi hivi: ukimpeleka mwanao kwenye makaratasi tutakusaidia, ukimpeleka kwenye karakana jilipie. Halafu tunashangaa mzazi anapenda makaratasi!

Alama ya pili ni milango inayohamahama. Mwaka 2016 sharti la GPA kwa wenye stashahada lilipandishwa kutoka 3.0 hadi 3.5. Baadaye likarudi 3.0. Fikiria kijana aliyeanza chuo akiijua 3.0, akapigana akapata 3.2, siku ya kuomba shahada anaambiwa goli limesogezwa. Viwango ni muhimu, sitetei uzembe. Lakini usimsogezee mtu goli mpira ukiwa tayari umeshapigwa.

Alama ya tatu ndiyo kubwa, na ndiyo isiyosemwa. Fundi sanifu aliyesoma miaka mitatu, akachora, akapima, akafunga nyaya, akaingia kiwandani kwa mazoezi, akifika chuo kikuu kwa kawaida anaanzia wapi? Mwaka wa kwanza. Anakaa dawati moja na kijana ambaye hajawahi kushika bisibisi, anafundishwa upya kuchora aliyokwisha kuchora. Marekani wana vyuo vya jamii: kijana anasoma miaka miwili karibu na kwao kwa gharama nafuu, na pale chuo chake kinapokuwa na makubaliano na chuo kikuu, anahamia akiingia mwaka wa tatu. Masomo yake yamehesabiwa. Si kwamba kwao kila kitu kimenyooka, wapo wanaopoteza masomo wakihama. Lakini msingi wao ni kwamba ulichokisoma umekisoma. Kwetu msingi ni kwamba ulichokisoma kilikuwa tiketi tu, ukishaingia tunaichana.

Najua jibu la wahadhiri, na nalikubali nusu: hawa wa stashahada hesabu zao nyepesi, wakikutana na kalkulasi ya chuo kikuu wanazama. Kweli, wapo wanaozama. Basi wapeni muhula mmoja wa hesabu za kuvukia, wapimeni, na yale ya karakana na uchoraji mliyowathibitisha wenyewe kwa vyeti vyenye nembo ya taifa, wahesabieni. Mtu akipungukiwa kwenye hesabu, mwongezeeni hesabu. Kumrudisha mwanzo wa kila kitu ni adhabu.

KWA NINI HANDENI NA KOROGWE

Kwa sababu uhandisi unatupitia mlangoni kila siku na sisi tunaupungia mkono.

Pale Hale, wilayani Korogwe, maji ya mto Pangani yanazalisha umeme tangu 1964, mitambo ya megawati 21. Watoto wangapi wa Hale wamewahi kuingia mle ndani kwa daftari, si kwa fagio? Reli ilifika Korogwe mwaka 1902, wakati wa Mjerumani. Handeni tumehangaika na maji maisha yetu yote. Bomba la HTM, linalochota mto Pangani upande wa Korogwe na kupandisha kwetu, ni la miaka ya 1970, na kila aliyekulia Handeni anajua bei ya dumu la maji bomba likigoma. Mwaka 2022 ilisainiwa mikataba ya maji ya miji 28 kwa mkopo wa India, na Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani zimo. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kwenda Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, nalo linakatiza mkoa wetu.

Mimi nimetembelea miradi mingi kwa kazi yangu. Mtaro unachimbwa na vijana wetu. Anayeshika ramani katoka mbali. Simchukii aliyetoka mbali, kasoma, ana haki yake. Lakini wahandisi wenyewe wana kipimo wanachokitaja kila wakikutana: mhandisi 1, mafundi sanifu 5, mafundi mchundo 25. Maana yake kwenye kila mradi nafasi za fundi sanifu ni nyingi kuliko za mhandisi, na ndizo nafasi tunazowaambia watoto wetu kwamba ni za waliofeli. Tunawaacha kwenye koleo kwa sababu tunaona haya ya karakana!

Na sasa linakuja jambo jipya. Tangu 2024 mtaala mpya wa sekondari una mikondo miwili, jumla na amali. Amali ni hiyo hiyo elimu ya ufundi na stadi za kazi. Wazo ni zuri sana. Lakini nawaambia leo mniandike mahali: kama hatutalifuta hili neno "wameishia", amali litakuwa jalala jipya lenye jina zuri. Wakubwa watapeleka wanao jumla, na wetu watapelekwa amali, kisha wakitaka kupanda kwenda chuo kikuu wataambiwa rudini mwanzo.

Ninachotaka si kikubwa. Kila sekondari, kabla ya fomu ya uchaguzi kujazwa, ikae na wazazi siku moja iwachoree njia zote, kwa Kiswahili, na kwa mifano ya vijana wa pale pale. Halmashauri zetu zinazogawa mikopo ya vijana ziwakumbuke pia wanaokwenda vyuo vya ufundi, maana ada ikifutwa bado chumba na chakula vipo. Na vyuo vikuu vihesabu miaka ya fundi sanifu.

Kwa mzazi unayesoma hapa: ukikubali njia ya chuo, usikurupuke. Hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET na kozi yenyewe imeidhinishwa, maana wajanja wenye mabango ni wengi. Hakikisha kozi inaelekea shahada unayoitaka, kwa sababu stashahada ya umeme haitakupeleka ujenzi. Na mwambie mwanao tangu siku ya kwanza kwamba 3.0 ndiyo sakafu, asilenge sakafu.

Nirudi sebuleni kwa dada. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Shemeji akasema kidato cha tano ni bure na bweni lipo, mimi nitalipa chumba cha Arusha? Swali la haki, na lilinikata maini, maana mshahara wangu nyote mnaujua unavyofika. Nikasema nitalipa nusu. Nimeshalisema, siwezi kulimeza.

Usiku wakati naondoka kijana akanisindikiza mpaka barabarani. Hakusema kitu mpaka Noah iliposimama. Akauliza, "Mjomba, kweli D ya hesabu si kufeli?"

Miaka kumi na moja ya shule, na hilo ndilo swali alilobaki nalo. Nikamwambia si kufeli, lakini arudie vitabu vya hesabu kuanzia kesho asubuhi, maana huko aendako zitamsubiri.

Jana shemeji kanipigia. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kasema tu: "Hebu nirudie, hiyo AVN ndiyo nini?" Siku ya kuripoti shuleni ni Jumatatu ijayo. Tranka bado liko sebuleni.

Nawakilisha.